Kitita Kisichofunguliwa

Mtu akikaa miaka na chombo kimoja mkononi, watu humwita kwa jina la chombo. Bi Mkasi alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini katika karakana ile ya ushonaji hapakuwa na aliyelitumia, na hata mwenyewe akiitwa kwa jina lile alichelewa kuitika, akidhani kuna mgeni anayetafutwa. Kazi yake ilikuwa kukata. Wenzake walikaa wameinamia cherehani. Yeye alisimama kwenye meza ndefu katikati ya chumba, chaki sikioni, futi ya kupimia shingoni, na mkononi mkasi mzito wa chuma ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa, sembuse kukatia karatasi.

"Mkasi wa nguo ukikata karatasi umekufa," alikuwa akisema. "Na huyo aliyeuua, nitamzika nao."

Alikuwa na sheria yake moja, na sheria hiyo aliihubiri kuliko mhubiri. Akishakata nguo, aliviweka pamoja vipande vyake vyote, mgongo, kifua, mikono, kola na mifuko, akavikunja ndani ya kile kikubwa, kisha akakifunga kitita kwa utepe aliouchana pembeni mwa kitambaa. Nguo moja, kitita kimoja. Fundi akikipokea, alitakiwa akifungue chote, atandaze mezani, avione vipande vyote, ndipo ashike sindano. Ole wake atakayepenyeza vidole pembeni na kuchomoa mkono mmoja ili awahi kushona. Fundi Kola, yule mwembamba aliyekaa karibu na mlango na asiyeweza kumaliza saa bila utani, aliwahi kufanya hivyo enzi za ugeni wake, akashona mkono wa nguo ya mtoto kwenye shati la mtu mzima. Hadithi hiyo bado ilikuwa ikisimuliwa, na kila ikisimuliwa iliongezewa chumvi, mpaka ikafika mahali mwenye shati alilivaa kanisani.

Kompyuta ilipoingia karakanani, Bi Mkasi aliiangalia kwa jicho la pembeni. Tajiri, ndivyo walivyomwita mwenye karakana ingawa alivaa viatu vilivyochoka kuliko vya mafundi wake, aliinunua pamoja na printa pana ya kuchapa pateni, yaani michoro ya vipande vya kukatia nguo, akamweka hapo binti wa kaka yake Bi Mkasi, msichana mwepesi wa mikono na mwepesi wa kucheka. Siku za mwanzo shangazi mtu hakuisogelea. Kisha siku moja akaona kwenye kioo cha kompyuta jinsi mstari wa kwapa ulivyoshushwa upana wa kidole bila kadibodi kukatwa upya, na moyo wake ukalainika palepale. Alivuta kiti. Tangu siku hiyo ikawa kila mapumziko wawili hao wako mbele ya kioo, mmoja akifundisha na mwingine akibisha.

Ndipo ikaja kazi ya sare za wauguzi. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, mama mnene wa sauti ya amri, akainua mkono kuwaonyesha sare yake ya zamani ilivyochanika kwapani.

"Tunainua wagonjwa," alisema. "Hatuinui vikombe vya chai. Nataka nguo ambayo nikiinua mtu, hainipigii kelele."

Pateni ya sare hiyo ilikuwepo tayari, ila ilihitaji kushushwa kwapa, kupanuliwa mgongo na kusogezwa mifuko. Muuguzi mkuu aliituma kwa kompyuta, vipande vyote vimebanwa pamoja kuwa faili moja. Binti alimwonyesha shangazi yake: folda ndogo ya njano, na juu yake imechorwa zipu.

"Kumbe hata huko ndani wanashona zipu!" Bi Mkasi alisema. "Sasa ikibanwa hivyo, inatupa nini?"

"Haitupi kitu, Shangazi. Wewe ukichora pateni ya mgongo, unachora mgongo mzima?"

"Nachora nusu. Naweka alama ya kunjo, nakata kitambaa kikiwa kimekunjwa, nusu ya pili inajitokeza yenyewe."

"Basi ndiyo hivyo. Kinachojirudia inakiandika mara moja, inaweka alama. Siku ya kufungua inakurudishia vyote, hata uzi haupungui. Na faida nyingine, vipande kumi vinasafiri kama kimoja, hakuna kinachoachwa njiani."

"Kitita," alisema Bi Mkasi.

"Kitita. Sasa jinsi ya kukifungua, kesho nitaku..." Binti hakumaliza. Alishika kiuno, akashika meza, na uso wake ukabadilika. Mimba yake ilikuwa ya miezi ya mwisho, na uchungu ulikuwa umewahi kidogo. Kesho yenyewe ikawa wodi ya wazazi, na habari njema iliyofika karakanani ni kwamba amejifungua mtoto wa kike mwenye mapafu ya tarumbeta.

Kwa hiyo Jumatatu Bi Mkasi alikaa mbele ya kompyuta peke yake. Ijumaa muuguzi mkuu angekuja kujaribu sampuli. Alibofya folda yenye zipu mara mbili, kama alivyomwona binti akibofya vitu vyote, na vipande vikajitokeza kwenye dirisha, vimejipanga vizuri: mbele, mgongo, mkono, mfuko. Akafurahi kama mtu aliyefungua mlango wa jirani bila kupiga hodi. Akabofya mgongo, ukafunguka. Akashusha kwapa, akapanua mgongo mabegani, akapandisha mifuko, akarudi kwenye mkono akaurekebisha ulingane na kwapa jipya, kwa sababu ukishusha kimoja bila kingine umeshona gunia. Alifanya kazi hiyo kutwa nzima, na macho yalimwasha. Mwisho akabofya pa kuhifadhi. Kompyuta ikakubali bila kunung'unika, akaizima, akaenda nyumbani anatembea kwa madaha.

Jumanne asubuhi alifungua tena. Kwapa lilikuwa palepale lilipokuwa kabla hajaligusa. Mabega membamba. Mifuko chini. Kana kwamba jana haikuwepo.

Alijiambia: nimesahau kuhifadhi. Mtu mzima husahau. Akaanza upya, safari hii midomo yake ikienda, akijitajia kila alichofanya. Jioni alihifadhi, akajiambia kwa sauti, "Nimehifadhi." Jumatano alipofungua, kwapa lilikuwa palepale.

Hapo akaingiwa na hofu, na si kwa ajili ya sare. Bi Mkasi aliujua ugonjwa huu, au alidhani anaujua. Mama yake naye alikuwa mshonaji, mkono wake ukisifiwa mtaa mzima, na ulipofika uzee alianza hivihivi. Alisema amekata na hakuwa amekata. Alisema ameshona, na kitambaa kiko kwenye kabati kimekunjwa vilevile. Alipoteza mkasi kila siku, mpaka akaufunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Na siku moja alimtazama binti yake wa kumzaa, kwa upole kabisa, akamuuliza, "Wewe ni fundi wa nani?" Bi Mkasi hakuwahi kulisahau swali lile. Alikuwa amelibeba muda wote, na sasa lilisimama mbele yake kwenye kioo cha kompyuta.

Alitaka shahidi. Akamwendea Fundi Kola, akauliza kama mtu anayepitisha muda, "Hivi jana mimi nilikuwa nafanya nini?"

Na Fundi Kola, ambaye angejua angejing'ata ulimi, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiishona, "Jana? Jana ulikuwa unaangalia tamthilia kwenye hicho kioo. Sikukuona ukishika hata chaki."

Mafundi wakacheka. Bi Mkasi naye akacheka, kwa sababu utani hujibiwa kwa kicheko. Kisha akarudi kwenye meza yake, akatafuta kamba, akaufunga mkasi kwenye mguu wa meza.

"Mama yangu!" Fundi Kola alisema alipopita. "Mkasi umefungwa kama mbuzi! Unaogopa utaenda kula mihogo ya watu?"

Safari hii Bi Mkasi hakucheka. Fundi Kola alirudi kwenye kiti chake, na mchana ule hakusema tena neno la maana wala la upuuzi.

Alhamisi alifika karakanani mapema, hakuwasha kompyuta. Alikuwa ameshaamua. Angemwambia Tajiri kwamba macho yamechoka, maana macho kila mtu huyaelewa, na amtafute mkataji mwingine kabla nguo za watu hazijaharibika. Ila mkasi hakutaka umwangukie mtu yeyote tu. Aliufungua kwenye meza, kamba ikining'inia bado, akauviringisha katika kitambaa, akaenda nao nyumbani kwa binti aliyejifungua.

Binti alikuwa amekaa kitandani katika chumba chenye harufu ya poda na maziwa, nepi zimetandazwa kwenye migongo ya viti, mtoto kifuani. Alipomwona shangazi yake aling'aa.

"Karibu Shangazi! Njoo umwone mwenzako. Mkali kama wewe, akitaka kitu anataka sasa hivi."

Bi Mkasi alimpokea mtoto, akambusu, akamwombea maneno mema. Alimrudisha kwa mama yake, kisha akaweka mkasi juu ya shuka.

"Huu ni wako."

Binti aliutazama mkasi. Akaitazama kamba. Alikuwa mjukuu wa bibi yule yule. Naye aliwahi kuiona kamba kwenye mguu wa meza.

"Shangazi," alisema taratibu, "hii kamba ya nini?"

"Ya mkasi."

"Nakuuliza ya nini."

"Nimekuja kumwona mtoto, sikuja kuhojiwa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Sema."

Akasema. Alisema yote, kwapa la Jumatatu, kwapa la Jumanne, tamthilia ya Fundi Kola, mpaka swali la mama yake, na alipofika hapo akaanza kuzitoa nepi kwenye viti na kuzikunja moja moja. Binti alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali la ajabu.

"Shangazi, ulifungulia wapi?"

"Kwenye kompyuta, nifungulie wapi tena? Kwenye jiko?"

"Ile folda yenye zipu. Uliibofya, vipande vikajipanga, ukabofya mgongo ukaanza kazi. Humo humo ndani?"

"Humo humo. Wewe si ndivyo unavyofanya?"

Binti alimlaza mtoto, akavuta kompyuta yake ya mkononi kutoka chini ya mto. Faili la sare lilikuwemo; naye alitumiwa nakala. Akaliweka mbele ya shangazi yake.

"Tazama mikono yangu. Sitakuficha kitu."

Alibofya zipu. Vipande vikajipanga. Alifungua mgongo, akashusha kwapa mpaka likakaribia kiuno, likawa kitu cha kuchekesha. Akahifadhi. Akafunga kila kitu. Kisha akabofya zipu upya, akafungua mgongo.

Kwapa lilikuwa palepale.

Bi Mkasi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Umelishusha," alisema. "Nimekuona. Umelishusha, wallahi."

"Nimelishusha. Na nimehifadhi. Limepotea na kwangu, tena mbele ya macho yetu wawili." Binti alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka. "Sasa na mimi nimechanganyikiwa? Wewe na mimi, siku moja, ugonjwa mmoja?"

Bi Mkasi alinyoosha kidole, akaligusa kwapa kwenye kioo.

"Faili likiwa limebanwa, Shangazi, unachungulia tu. Ukibofya kipande, kompyuta inakutolea nakala ya kuangalia, inaiweka pembeni mahali pa takataka. Ukihifadhi, inahifadhi ile nakala. Ukifunga, inafagia. Kilichomo ndani ya zipu hakijaguswa. Kazi uliifanya, zote mbili, tena sina shaka zilikuwa nzuri. Uliifanyia mahali panapofagiwa." Akamshika mkono. "Kosa ni langu. Mimi huwa naifungua kwanza kwa mkono wa haraka, mpaka sioni tena kwamba ni hatua. Sikukuonyesha."

Akabofya faili kwa upande wa kulia wa kipanya, akachagua pa kutoa vyote, na folda nyingine ikazaliwa kando ya ile ya kwanza, haina zipu, vipande vyote vimelala ndani.

"Hapa ndipo pa kufanyia kazi. Wewe mafundi wapya unawaambiaje?"

Bi Mkasi alifungua mdomo, na maneno yakatoka kabla hajayafikiri, kwa sauti ile ile ya miaka yote: "Fungua kitita chote, tandaza mezani, ndipo ushike sindano."

Akajisikia mwenyewe. Mganga hajigangi, wahenga waliliona hili kabla ya kompyuta. Alikuwa amepenyeza vidole pembeni mwa kitita akachomoa mkono, kama Fundi Kola wa enzi zile, yeye mwenyewe, bingwa wa kuhubiri! Alianza kucheka polepole, kikawa kicheko cha mwili mzima, na katikati ya kicheko akalia, kilio cha kushusha mzigo, mpaka mtoto akaamka na kuwazidi wote kwa sauti. Akili yake ilikuwa nzima. Alichofanya alikifanya, na alichokumbuka kilikuwa cha kweli. Hakuna zawadi ambayo angepewa siku ile ikafikia hiyo.

Aliuchukua mkasi juu ya shuka.

"Si ulisema ni wangu?" binti alimchokoza.

"Nilikuwa mgonjwa. Maneno ya mgonjwa hayafuatwi."

Alirudi karakanani kabla ya mchana, akawasha kompyuta, akatoa vyote, akatandaza. Mara ya tatu mkono ulishajua njia. Kazi ya kutwa aliimaliza jua likiwa bado juu. Alihifadhi, akaizima kompyuta makusudi, akakaa kidogo mbele ya kioo cheusi, kisha akaiwasha. Kwapa lilikuwa chini, pale alipoliweka. Alilitazama kama mtu anayetazama picha ya ndugu yake. Printa ikachapa, akakata, na Fundi Kola mwenyewe akaomba aishone sampuli, bila utani hata mmoja, jambo lililowatia wenzake wasiwasi wa afya yake.

Ijumaa muuguzi mkuu alivaa sare, akainua mikono, akaishusha. Hakuridhika. Akaangaza macho chumbani.

"Nataka mgonjwa," alisema. "Wewe mwembamba, lala hapo."

"Mimi?" alisema Fundi Kola.

"Mgonjwa hazungumzi."

Wakamlaza juu ya meza ya kukatia. Muuguzi mkuu aliinama, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamnyanyua mzima mzima. Cherehani zilisimama, kila sikio likingoja ule mlio wa uzi kukatika. Hakuna kilichokatika. Alimnyanyua mara ya pili kwa raha zake tu.

"Hii nguo ni ya kazi," alisema. "Na hiyo pateni mliyoirekebisha naiomba, wenzetu wa kituo kingine washonewe hivi hivi. Nani anaweza kunitumia?"

Tajiri alifungua mdomo kueleza kwamba binti wa kompyuta yuko likizo ya uzazi. Bi Mkasi alikuwa ameshakaa. Alichagua vipande vyote, mbele, mgongo, mkono, mfuko, akavibana pamoja, na zipu ikajichora juu ya folda mpya. Akaituma. Halafu, kwa kuwa yeye ni yeye, alikichukua kile alichokituma, akakitoa chote mahali pengine, akakagua kipande kimoja kimoja. Kwapa lilikuwemo.

Mchana kazi ya sare ikaanza rasmi. Alikata ya kwanza, akaviweka vipande pamoja, akavikunja ndani ya mgongo, akapapasa pembeni kutafuta utepe wa kufungia. Mkono ukagusa kamba. Ilikuwa bado imefungwa kwenye tundu la mkasi, inaning'inia. Aliifungua kwa kucha, akaizungusha kwenye kitita, akakaza fundo, akakipeleka hadi kwenye kiti cha karibu na mlango.

Fundi Kola alikipokea. Alitazama meza, akautazama mkasi ulivyolala peke yake, kisha akamtazama Bi Mkasi usoni kwa tahadhari.

"Mbuzi kafunguliwa?" aliuliza.

"Kafunguliwa," alisema Bi Mkasi. "Na wewe fungua hicho. Chote."